Maswali ya wasomaji: Medicago, vinundu na jeni za mikunde

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba watafiti wengi wa jeni za mikunde hawaanzi na maharage wala kunde. Huanza na mimea miwili ya porini: Medicago truncatula, ndugu wa lusani anayetoka nchi za Mediterania, na Lotus japonicus wa Japani na nchi za jirani. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile zinazohusu kazi yenyewe ya mikono, maana huko ndiko wengi wanakokwama, na mara nyingi hukwama kwenye mbegu na maji kabla hata hawajaigusa jeni.

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Nafundisha biolojia sekondari. Wanafunzi wameniuliza swali nikakosa la kuwajibu: kama shida yetu ni maharage, kwa nini watafiti wahangaike na majani yasiyoliwa na mtu? Na ule mmea mashuhuri wa maabara, Arabidopsis, una kasoro gani? — Mwalimu, Iringa

JIBU: Tuanze na Arabidopsis, Mwalimu, maana jibu lake ni fupi. Ni mmea wa familia ya kabichi. Familia hiyo haitengenezi vinundu, yaani vivimbe vya mizizini ambamo bakteria huupatia mmea nitrojeni, wala haishirikiani na wale kuvu wa mizizi wanaoipatia mimea mingi fosfeti. Jeni kadhaa za ushirika huo zilishapotea humo zamani. Habari za ua, jani na homoni utazipata kwa Arabidopsis hadi uchoke. Ukitaka kujua mzizi unavyomfungulia mlango bakteria, hapo unamuuliza mtu habari za nyumba ambayo hajawahi kuingia.

Maharage yana kromosomu 22 na jenomu (DNA yake yote) ya besi, yaani herufi za DNA, takriban milioni 590, iliyosomwa na kuchapishwa 2014. Hilo si tatizo. Kinachokwamisha ni kuyaingizia jeni, kwa sababu tishu za haragwe hazikubali kwa urahisi kuzaa mmea mzima mpya. Soya ina shida ya aina nyingine. Jenomu yake ya besi zipatazo bilioni 1.1 ilijirudufu huko nyuma, hivyo jeni nyingi zina pacha. Unaiharibu moja, pacha anashika zamu, na mmea unabaki mzuri bila kukwambia lolote.

Medicago ina jozi 8 za kromosomu na jenomu ya besi kati ya milioni 450 na 500, iliyochapishwa 2011. Hujichavusha yenyewe, hutoa mbegu ndani ya miezi mitatu hadi minne, na hutosheka na kijichungu. Lotus ina jozi 6, na rasimu ya jenomu yake ilitoka 2008. Faida imeshaonekana. Jeni ya NIN, ambayo bila yake hakuna kinundu, ilitambuliwa katika Lotus mwaka 1999. Mwaka 2003, humo humo katika Lotus, zikapatikana NFR1 na NFR5, vipokezi ambavyo mzizi hutumia kuisikia ishara ya bakteria. Ukishajua jeni hizo na mahali zilipo, kuwatafuta wenzake ndani ya maharage ni kazi ya kompyuta na wiki chache za maabara, ambapo kuanza patupu kungechukua miaka.

Ila waambie wanafunzi jambo moja ambalo hata watu wazima husahau. Si kila kinachoonekana kwa mmea wa mfano huhama kwenda shambani. Vinundu vya Medicago vina ncha inayoendelea kukua na huwa virefu, kama vya njegere na lusani. Vya Lotus ni vya mviringo na hukoma kukua, kama vya maharage, kunde na soya. Tena Medicago ina zaidi ya jeni 600 za protini ndogo ziitwazo NCR, zinazowalazimisha bakteria walio ndani ya kinundu kuvimba na kupoteza uwezo wa kuzaliana tena. Maharage na Lotus hawana mtindo huo. Anayetafiti kinachowapata bakteria ndani ya kinundu kwa nia ya kuwasaidia wakulima wa maharage, amchague Lotus.

SWALI: Nimepewa mbegu 40 za Medicago aina ya A17. Nimeziloweka siku nne, zimeota tatu. Je, mbegu zimekufa? — Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro

JIBU: Hazijafa. Gamba lake halipitishi maji, na kuziloweka hata wiki mbili hakubadilishi kitu. Lazima gamba likwaruzwe.

Kwa mbegu chache kama zako tumia msasa. Chukua karatasi laini, namba 180 hadi 240, weka mbegu katikati ya vipande viwili, uzungushe bila kukandamiza mpaka mng'ao wa gamba upotee. Ukianza kuona unjano wa ndani, umepitiliza, na mbegu hizo zitaota zikiwa na majani ya mwanzo yaliyopasuka.

Kwa mbegu mamia, watu hutumia asidi ya salfuriki isiyochanganywa na maji. Mbegu ziwe kavu kabisa, chombo kiwe cha kioo, nawe uwe na miwani, glovu nene na koti, ndani ya kabati la kuvuta hewa. Mimina asidi izifunike tu, tikisa polepole, na uzitazame. Baada ya dakika 5 hadi 8 vidoa vidogo vyeusi huonekana juu ya gamba. Hapo ndipo pa kuacha, hata kama saa inasema bado. Mwaga asidi yote kwanza, kisha zimwagie maji mengi ya baridi kali kwa mara moja, umwage, urudie mara tano au sita. Wanaoharibu hapa hufanya kosa moja: wanabakiza asidi kidogo chini, wanaongeza maji kidogo, joto linapanda ghafla na mbegu zinapikwa. Asidi iliyotumika imiminwe taratibu kwenye maji mengi, kamwe si maji kwenye asidi, kisha izimuliwe kwa magadi ya kuokea kabla ya kutupwa.

Baada ya hapo ni kuua vijidudu. Jiki iliyopunguzwa hadi asilimia 3 ya hipokloriti ya sodiamu yatosha kwa dakika 2 hadi 3. Soma lebo ya chupa yako kabla ya kuongeza maji, kwani jiki nyingi za dukani haziko mbali na kiwango hicho. Suuza mara sita kwa maji yaliyopitishwa otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua vijidudu). Ziache ndani ya maji safi saa 3 au 4 mpaka zivimbe. Zisizovimba hazikukwaruzika: zitoe, zikaushe, uzirudishe kwenye msasa. Wengi huzitupa, na ni hasara ya bure.

Zitandaze juu ya agari ya maji (rojo la kuoteshea), gramu 8 kwa lita, funika sahani ya Petri, igeuze juu chini, ifunge kwa foili na uiweke kwenye jokofu la nyuzi 4 kwa siku 3. Baridi hii huzifanya ziote kwa pamoja, na kwa mbegu zilizovunwa karibuni ni ya lazima, kwa maana hizo zina usingizi wa pili usiohusiana na gamba. Kisha toa sahani, ibaki imegeuzwa gizani kwenye nyuzi 20 hadi 22 kwa saa 16 hadi 24. Mizizi itaning'inia hewani ikiwa imenyooka, urefu wa sentimita moja hivi, tayari kwa kuhamishwa. Ukizisahau siku mbili mizizi hurefuka na kukatika mkononi.

SWALI: Nimechanganya aina mbili za Medicago, A17 na R108, kwa lengo la kutafuta jeni kwenye ramani. Kizazi cha F1 kina afya na maua tele, lakini maganda ni machache, na chini ya hadubini karibu nusu ya chavua ni tupu. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi wa uzamivu, Ujerumani

JIBU: Mkono wako hauna kosa, kosa liko kwenye uchaguzi wa wazazi, nawe si wa kwanza. A17 ndiyo mbegu iliyosomwa jenomu, kwa hiyo kila mtu huiona kama Medicago ya kawaida. Ukweli ni kwamba kwa jambo moja ni ya kipekee: kipande cha kromosomu ya 4 na kipande cha kromosomu ya 8 vimebadilishana mahali. R108 na nyingi nyingine hazina badiliko hilo. F1 inapogawa kromosomu zake ili kutengeneza chavua, kromosomu nne hujikuta zimekumbatiana kwa umbo la msalaba, na karibu nusu ya seli zinazotokana nazo hukosa kipande kimoja na kupata kingine mara mbili. Hizo hufa. Ukitumia rangi ya Alexander, chavua hai itaonekana ya zambarau na tupu itakuwa ya kijani.

Hasara ya maganda ni ndogo ukilinganisha na hasara ya ramani. Alama za kromosomu ya 4 na ya 8 zitajionyesha kana kwamba zimeshikana, na jeni iliyo karibu na sehemu hizo itakupeleka kwenye kromosomu isiyo yake.

La kufanya linategemea mmea wako mutanti, yaani wenye jeni iliyoharibika, umetoka wapi. Mutanti wengi wa zamani, wakiwemo dmi, sunn na skl, walitoka upande wa Jemalong, yaani A17 na jamaa zake. Rudisha huyo kwa A17 yenyewe, yaani umchanganye nayo tena, pata F2 (kizazi cha pili), kisha changanya DNA ya mimea yenye kasoro tu, usome jenomu nzima ya mchanganyiko huo. Badiliko lililoleta kasoro litajitokeza pale ambapo asili ya mzazi mzima imetoweka. Kama mutanti ametoka R108, mrudishe kwa R108. Ramani ya mseto iliyo pana zaidi ifanye kati ya mbegu mbili ambazo hakuna hata moja iliyo A17.

Kwa kuwa wasomaji wengine wameuliza jinsi mseto unavyofanywa: chagua tumba ambalo petali zake ndiyo kwanza zinachungulia nje ya sepali. Ua likishafunguka limekwisha kujichavusha, usijisumbue nalo. Chini ya hadubini ya kupasulia, chana petali kubwa ya nyuma, fungua zile mbili zilizoungana kama mtumbwi, na kwa koleo la ncha nyembamba ng'oa machavulio yote kumi kabla hayajapasuka. Chavua ichukue kwenye ua la baba lililofunguka asubuhi hiyo. Ukibonyeza mtumbwi wake, nguzo ya stameni huruka na kukupa chavua kwenye ncha ya koleo. Ipake kwenye stigma, ufunike ua kwa kimfuko kidogo chenye pamba mbichi ili stigma isikauke. Likifaulu, ganda litaanza kujikunja ndani ya siku chache. Na usiamini F1 yoyote kabla ya kuipima kwa PCR (kipimo kinachonakili kipande cha DNA) yenye alama inayowatofautisha wazazi, maana chavua moja iliyobaki yatosha kukudanganya kwa miezi minne.

SWALI: Shikamooni. Nina trei mbili za A17 kwenye mchanga. Moja nimeipa bakteria aina ya 1021, nyingine sikuipa kitu. Baada ya wiki tatu trei zote mbili zina vinundu, na vya trei ya kwanza vingi ni vyeupe. Tufanyeje? — Fundi wa maabara, Eldoret

JIBU: Marahaba. Una matatizo mawili yaliyokuja siku moja, tuyatenganishe.

La kwanza ni trei isiyopewa kitu. Vinundu humo maana yake bakteria wameingia, na hadi uwazuie hakuna hesabu ya trei yoyote inayoaminika. Wanaowaleta ni wachache na wanajulikana: maji ya bomba, mchanga uliopitishwa otoklevu mara moja tu, maji yanayoruka kutoka trei ya jirani wakati wa kumwagilia, na vile vinzi vidogo vyeusi vinavyopenda udongo mbichi. Mchanga uoshe mpaka maji yatoke meupe, uuchemshe kwenye otoklevu nyuzi 121 kwa saa nzima, uuache siku moja, urudie. Spora za vijidudu zilizoamka baada ya mzunguko wa kwanza hufa kwenye wa pili. Trei isiyo na bakteria iwekwe mbali na imwagiliwe kwanza, daima kwanza, kwa chombo chake. Mitego ya njano yenye gundi hupunguza vinzi.

La pili ni weupe. Kinundu kinachofanya kazi huwa cha waridi kwa sababu ya leghemoglobini, protini inayobeba oksijeni kama ilivyo kwenye damu yetu. Kinundu kikiwa cheupe baada ya siku 10 hadi 14, nitrojeni hairekebishwi humo. Kikiwa cha kijani, kimezeeka. Kwa upande wako mshukiwa ni ndoa yenyewe. A17 na Sinorhizobium meliloti 1021 hawapatani vizuri, ingawa ndio wawili wanaotumika sana pamoja kwa kuwa jenomu zao zote zimesomwa. Jaribu Sinorhizobium medicae WSM419. Tofauti utaiona kwa macho kwenye ukubwa na kijani cha majani.

Kabla ya kubadilisha, hakikisha mambo mengine. Lishe isiyo na nitrojeni ya Fåhraeus ina, kwa kila lita: CaCl2 gramu 0.1, MgSO4·7H2O gramu 0.12, KH2PO4 gramu 0.1, Na2HPO4·2H2O gramu 0.15, sitreti ya chuma miligramu 5, pamoja na chembe za manganizi, shaba, zinki, boroni na molibdeni. Kloridi ya kalisi iongezwe mwisho, baada ya otoklevu, kutoka chupa yake. Ukiichanganya na fosfeti zikiwa bado nzito, utapata ukungu mweupe unaozama, na mimea itakosa vyote viwili. Molibdeni usiipuuze kwa udogo wake: bila hiyo, kimeng'enya cha kurekebisha nitrojeni hakiundiki.

Bakteria wakuze kwenye TY, yaani triptoni gramu 5, dondoo ya hamira gramu 3 na CaCl2·2H2O gramu 0.88 kwa lita, nyuzi 28, ukitikisa usiku kucha hadi siku mbili. Waoshe. Hatua hii huachwa na wengi, halafu wanashangaa vinundu vikichelewa: TY ina nitrojeni, na nitrojeni ndiyo inayouambia mzizi kwamba vinundu havihitajiki. Nitreti ya milimola 5 hadi 10 yatosha kuvizima. Wazungushe kwenye sentrifuji, mwaga TY, ongeza maji safi, rudia, kisha uwapunguze hadi kipimo cha mwanga cha 0.02 hadi 0.05 kwenye nanomita 600. Mililita 5 kwa mche, siku 4 au 5 baada ya kupanda. Hesabu vinundu siku ya 21, ukiandika vya waridi na vyeupe katika safu mbili tofauti.

Wanaofanya kazi kwenye sahani za agari badala ya mchanga wakumbuke ethilini. Gesi hii hujikusanya ndani ya sahani iliyofungwa na kuzuia vinundu vya Medicago. Funga kwa plasta ya hospitali inayopitisha hewa, si kwa Parafilm pande zote, au weka AVG, kemikali inayozuia mmea kutengeneza ethilini, ya maikromola 0.1 ndani ya agari.

SWALI: Nimepokea mbegu 15 za ukoo wa Tnt1 wenye jeni yangu iliyokatizwa. Mche mmoja ni mfupi na wa njano. Je, nimepata jibu? — Dodoma

JIBU: Bado, na usiuandikie mche huo mistari yoyote kwenye tasnifu yako kwa sasa.

Tnt1 ni kipande cha DNA kutoka kwa tumbaku kinachojinakili na kujipachika ovyo. Kwa kutumia R108, taasisi ya Noble kule Ardmore, Oklahoma, ilijenga mkusanyiko wa koo takriban 21,000, na kila ukoo una wastani wa vipachiko 25. Kwa hiyo jeni yako ni moja kati ya 25 zilizoguswa, na ufupi na unjano ule waweza kutoka kwa yoyote kati ya 24 zilizosalia. Wenzetu wa Lotus wana nafuu: koo za LORE1, zaidi ya laki moja, zina vipachiko vichache tu kila mmoja.

Kwanza hesabu ya mbegu. Mzazi akiwa heterozigoti, mwenye nakala moja nzima na moja iliyoharibika, robo ya watoto huwa homozigoti, wenye nakala zote mbili zilizoharibika. Uwezekano wa kumkosa kabisa ni 0.75 kuzidishwa kwa yenyewe mara idadi ya miche. Miche 15 ikiota yote, uwezekano wa kumkosa ni asilimia 1.3. Ikiota 8 tu ni asilimia 10. Ndiyo maana tulisisitiza msasa huko juu.

Kila mche upimwe kwa PCR mbili. Ya kwanza ina praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) mbili za jeni yako, moja kila upande wa kipachiko. Itatoa mstari kwenye jeli palipo na nakala nzima. Nakala yenye Tnt1 haitoi kitu hapo, kwa sababu kipachiko chenyewe kina urefu wa besi zaidi ya 5,000 na muda wa PCR ya kawaida hautoshi. Ya pili ina praima moja ya jeni na moja ya mwisho wa Tnt1. Mstari kwa zote mbili ni heterozigoti. Kwa ya pili peke yake ni homozigoti. Kimya kwa zote mbili maana yake DNA ni mbovu, na hilo hutokea sana kwa majani makubwa ya Medicago. Chukua jani changa lisilozidi ukucha, uitoe DNA yake kwa kimiminiko cha CTAB ya asilimia 2 yenye PVP kidogo, nyuzi 65 kwa nusu saa.

Kisha urudishe mche huo kwa R108, yaani uuchanganye nayo tena. Kila mseto wa kurudisha hupunguza vipachiko visivyo jirani na jeni yako kwa nusu: 25, 12, 6, 3. Wengi huridhika na mara mbili. Ila hata mara tano si ushahidi kamili. Ushahidi ni ukoo wa pili wenye kipachiko mahali pengine ndani ya jeni hiyo hiyo na kasoro ile ile, au kuirudisha jeni nzima na kuona kasoro imeondoka.

SWALI: Kuirudisha jeni huko kunawezekana bila maabara kubwa ya ukuzaji wa tishu? — Msomaji huyo huyo

JIBU: Kwa kasoro za mizizi, ndiyo. Mmea kamili wenye jeni mpya hutengenezwa kutoka vipande vya majani ya R108 na huchukua miezi mingi. Achana nao kwanza. Tumia mizizi inayooteshwa na bakteria Agrobacterium rhizogenes. Kata ncha ya mzizi wa mche ulioota siku hiyo, milimita 3 kutoka mwisho, ugusishe jeraha kwenye bakteria hao, aina ya ARqua1, waliokua siku mbili kwenye agari wakiwa wamebeba jeni yako. Laza miche kwenye agari ya Fåhraeus iliyoinamishwa, nyuzi 20 kwa wiki moja. Joto likizidi hapo, mizizi mipya hupungua. Baada ya wiki mbili nyingine una mche wa kawaida juu, na mizizi mipya chini.

Sehemu ya mizizi hiyo haikubeba jeni, kwa hiyo weka na alama ya DsRed (protini inayong'aa nyekundu) ndani ya vekta yako, yaani DNA inayobeba jeni. Chini ya hadubini yenye mwanga wa kufaa, mizizi iliyobeba hung'aa nyekundu. Isiyong'aa ikate yote na wembe safi. Kila mzizi ni tukio lake, mmoja ukionyesha jeni kwa nguvu na mwingine kwa unyonge, hivyo bakiza mmoja kwa mche, na uhesabu miche, si vinundu. Miche mingine ipewe vekta tupu, kwa sababu mizizi hii haina tabia sawasawa na ya asili. Jeni iliyoingia hivi hairithiwi na mbegu.

SWALI: Hamjambo. R108 yangu ni ya kijani na inatambaa vizuri, lakini miezi mitatu imepita sijaona ganda. — Nairobi

JIBU: Ni mmea wa Mediterania: husubiri majira ya baridi yapite na siku zirefuke. Nairobi haina lolote kati ya hayo. Mbegu zilizoanza kuota ziweke jokofuni nyuzi 4 kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya kupanda, kisha uongeze taa za LED jioni mpaka mwanga ufike saa 16. Joto la mchana libaki nyuzi 22 hadi 24. Kwa wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa, kibanda cha kioo bila kiyoyozi ni tanuri. Lima ndani ya chumba.

Maganda yakianza kukomaa, kila mmea uvishwe mfuko wa neti. Hudondoka yakikauka, yana miiba, na hunasa kwenye nguo za anayepita. Koo nyingi huchanganyika kwa njia hiyo.

SWALI: Naruhusiwa kuagiza mbegu hizi kwa posta? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Kwa Kenya, kibali cha kuingiza mimea hutolewa na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, nacho kitangulie mbegu. Kwa koo za Tnt1 kuna hatua zaidi: zilizaliwa kwa kuingiziwa DNA ya tumbaku, hivyo ni mimea iliyobadilishwa jeni, na kazi yake hata ndani ya maabara iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia. Mwombe anayekutumia aandike wazi kwenye barua kama ukoo ni wa Tnt1 au ni wa kemikali ya EMS. Mifuko miwili yenye mbegu zinazofanana kwa macho hufuata karatasi tofauti kabisa. Mbegu zikifika, gawa kila ukoo mara mbili: nusu panda, nusu weka kwenye bahasha ya karatasi ndani ya chupa yenye silika, jokofuni. Maganda na mchanga unaobaki upitishwe otoklevu kabla ya kutupwa.